Ndege ya Kaka Ilikuwa Nzito

Boksi lile lilitoka ndani ya robota la nguo kuukuu. Wakati huo, miaka michache baada ya vita, nilikuwa nashona kwenye baraza ya duka moja Nakawa, ng'ambo ya soko, na sehemu kubwa ya kazi yangu haikuwa nguo mpya. Nilirekebisha mitumba, ambayo Kampala tunaiita mivumba: kupunguza kiuno cha suruali iliyokuwa ya mtu mnene wa Ulaya, kufupisha mikono ya koti, kutoa zipu iliyokufa na kutia nyingine. Jirani yangu pale barazani alikuwa mama wa Kiganda aliyefungua marobota na kuyachambua. Siku moja alinirushia boksi la kadibodi lililobonyea pembe moja.

"Hii si nguo, nnyabo," akasema, yaani bibi kwa Kiganda. "Chukua wewe. Mimi sijui hata inavaliwa wapi."

Juu ya boksi palikuwa na picha ya ndege ndogo ya manjano. Nilipolinyanyua nilidhani halina kitu, kwa wepesi wake. Ndani mlikuwa na mbao nyembamba kama biskuti, vijiti vya mraba, propela nyekundu ya plastiki, yaani lile feni la mbele linaloivuta ndege, na ramani kubwa iliyokunjwa mara nyingi. Maelezo yalikuwa kwa lugha ambayo hakuna mtu barazani aliyeitambua. Kulikuwa pia na utepe wa mpira ulioviringwa kwenye kikaratasi, lakini ulikuwa umekauka. Nilipouvuta ulikatika kama tambi. Karatasi laini za kufunikia mabawa zilikuwa zimeliwa na mende.

Nilimpelekea kaka yangu. Na hapa inanibidi nieleze kidogo juu yake, kwa sababu bila yeye boksi lile lingebaki mchezo tu.

Sisi ni Wanubi, wajukuu wa askari walioletwa kutoka Sudani enzi za wakoloni. Nyumbani tulizungumza Kinubi na Kiswahili. Kiganda mimi nilikiokota sokoni, nikishona. Kaka hakukiokota, maana alitoka shule akaingia jeshini, na jeshini lugha ilikuwa Kiswahili. Huko alikuwa fundi wa ndege. Hakuzirusha. Kazi yake ilikuwa kukaza, kulainisha, kubadilisha, kukagua, kisha kutia sahihi kwamba ndege iko sawa. Jeshi lake liliposhindwa alijisalimisha, akakaa kambini miezi kadhaa, akaachiliwa. Alirudi kwetu, kwenye fleti ya Bukoto nilimoishi na mama, akiwa na mfuko mmoja wa plastiki mkononi.

Wiki ya kwanza mama alimtuma mafuta ya taa. Dukani akasema, kwa adabu zote, "Naomba mafuta ya taa, chupa moja." Duka likanyamaza. Kisha mtu mmoja kwenye foleni akasema kwa Kiswahili cha kubahatisha, "Afande! Leo unaomba? Zamani mlikuwa mnachukua tu." Watu wakacheka, si kicheko cha furaha. Kaka aliweka chupa juu ya kaunta, akarudi nyumbani mikono mitupu, na hakutoka tena.

Msomaji wa Mombasa au Tanga, ambaye Kiswahili ni lugha aliyobembelezewa nayo, huenda asielewe. Kwa mtu wa Kampala wa miaka ile Kiswahili kilikuwa lugha ya kizuizi barabarani. Kilikuwa "Simama!" na "Toa kitambulisho!" na "Lala chini!" Ukikifungua mdomoni, mtu aliyekuwa akikutazama kama jirani hukutazama upya, kuanzia viatu. Mimi nilikuwa na Kiganda changu cha kujifichia. Kaka hakuwa na pa kujificha isipokuwa ndani.

Alikaa ndani zaidi ya mwaka. Mama na mimi tulimfanyia kila kitu. Nilimnunulia wembe, sabuni, ndara. Mgeni akibisha hodi, nilikuwa wa kwanza kujibu ili yeye asijibu. Tuliona huo ndio upendo, na sehemu yake ulikuwa.

Fleti ya chini yetu alikaa Mkenya mmoja, mtu wa kanisa, mwenye gereji ndogo Nakawa. Kila Jumapili akitoka ibadani alipanda ngazi kumsalimia mama. Siku aliyojua kaka ni fundi wa ndege alipiga goti lake kwa kiganja.

"Mama, una fundi wa ndege ndani ya nyumba na mimi nahangaika na vijana wanaofunga nati kwa nyundo?"

Akampa kaka kazi palepale. Kaka alimshukuru, akasema atafikiria. Wiki zikapita. Mimi nilikuwa nimeshaanza kumshonea ovaroli kutoka kwenye makoti mawili ya kaki ya mitumba; ilibaki kumpima urefu tu na kukunja pindo. Kila nikimwita aje nimpime, alisema kesho. Ovaroli ikabaki kwenye msumari nyuma ya mlango, miguu yake imening'inia na nyuzi.

Mwanzo wa mwezi ule Mkenya alisema wazi, mbele ya mama na mbele yangu. "Ndugu yangu, nafasi nitaishika mpaka mwezi uishe. Baada ya hapo nitaandika mtu mwingine, na hatutakosana. Lakini gereji haiwezi kukungoja kama kituo cha basi."

"Gereji iko sokoni," kaka akajibu. "Wateja watataka kuongea."

"Si utawajibu?"

"Kwa lugha gani?"

Mkenya aligeuza kikombe mkononi. Alikunywa chai yake, akashuka.

Ndiyo wiki hiyo nilipoleta boksi.

Kaka alilifungua juu ya meza yangu ya kupigia pasi. Hakuuliza limetoka wapi. Alitoa ubao mmoja mwembamba, akaupima kwenye kidole, akaugonga kwa ukucha, akaunusa. "Balsa," akasema. Akanieleza kwamba ni mti wa nchi za mbali, mwepesi kuliko wowote anaoujua, na kwamba vitabu vya mafunzo yao vilikuwa na picha za ndege za namna hii, lakini hajawahi kuishika. Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyoyasema wiki nzima.

Maelezo hatukuweza kuyasoma, lakini ramani haina lugha. Nitaeleza jinsi tulivyofanya, maana ni kazi ambayo mtu yeyote mwenye subira anaweza kuifanya, na mikono yangu bado inaikumbuka.

Kwanza, ramani inatandazwa juu ya ubao laini. Ndege imechorwa kwa ukubwa wake halisi, kwa hiyo hupimi chochote. Unaweka kijiti juu ya mstari wake. Ili gundi isishike ramani, tuliisugua kwa mshumaa mpaka ikang'aa. Vipande vya mbavu za bawa vimechapwa juu ya mbao, na unavikata kwa wembe mpya. Siri ni kutokata kwa mara moja. Unapitisha wembe polepole mara tatu, nne, mpaka kipande kitoke chenyewe. Ukikandamiza, balsa inabonyea badala ya kukatika.

Kisha kila kipande kinashikiliwa mahali pake kwa pini huku gundi ikikauka. Hapo ndipo nilipoingia mimi. Nilikuwa na pini za cherehani bakuli zima. Kaka alikuwa akinyoosha mkono bila kutazama, nami namwekea pini katikati ya vidole, kama nesi na daktari.

"Pini."

"Hii hapa."

"Si hiyo iliyopinda."

"Afadhali uombe vizuri, mimi si kuruta wako."

Akanitazama, akatabasamu upande mmoja. "Naomba pini, bibi fundi."

Bawa likasimama: mbavu tisa kati ya kijiti cha mbele na kijiti cha nyuma. Ukilitazama kwa ubavu unaona juu limebinuka na chini limenyooka, kama mgongo wa kobe aliyekonda. Kaka alinieleza kwamba bawa la ndege kubwa iliyobeba watu mia lina umbo hilohilo. Tofauti ni ukubwa tu.

Kufunika mabawa ilikuwa kazi yangu. Karatasi iliyoliwa na mende niliitupa, nikachukua ile laini inayotiwa ndani ya viatu vipya. Mwenye duka la viatu Nakawa aliniwekea. Karatasi ina uzi kama kitambaa, jambo ambalo watu wengi hawalijui. Ukiichana upande mmoja inachanika moja kwa moja, upande wa pili inakwenda ovyo. Uzi wake unatakiwa ulale kwa urefu wa bawa. Niliibandika ukingoni kwa gundi iliyochanganywa na maji, nikiivuta taratibu kama bitana ya koti. Bado ilikuwa na mikunjo. Basi nikajaza maji mdomoni, nikaipulizia, kama tunavyonyunyizia nguo kabla ya pasi.

"Unaitemea mate ndege yangu?" kaka akapiga kelele.

"Ngoja ikauke."

Ikakauka, ikakaza, ikawa ngozi ya ngoma. Kaka aligonga kwa kidole, tu, tu, tu, akagonga tena. Nadhani alivutiwa.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo sikuliona kwa sababu sikujua pa kutazama. Kila jioni nilipofunika cherehani, kaka alibaki akiimarisha. Ndilo neno lake, kuimarisha. Kila kiungo alikitia gundi, ikikauka anaongeza tone jingine juu yake. Pembe zote alizibana kwa vipande vya pembetatu ambavyo ramani haikuvitaja. Pua aliizungushia uzi wangu mweusi wa kushonea jinzi na kuupaka gundi. Chini ya tumbo alipitisha kijiti kingine kizima. Nilipomuuliza alinijibu kwa uhakika wa mtu anayejua kazi yake.

"Ndege haianguki kwa uzito, dada. Inaanguka kwa kitu kilicholegea. Miaka yote ile niliyotia sahihi, hakuna ndege yangu iliyolegea."

Ilibaki mpira, ambao ndio injini. Mpira unafungwa kitanzi kirefu ndani ya tumbo, kutoka ndoana ya propela mpaka ndoana ya mkiani. Unaizungusha propela kinyume mara nyingi, mpira unajisokota, unajaa mafundo, na ukiiachia unajisokotoa na kuzungusha propela. Nikasema hilo ni jambo dogo, nikatoa kwenye droo yangu lastiki nzuri ya kiunoni.

Kaka aliitazama ile lastiki. Akaitazama tena. Kisha akacheka, akacheka mpaka akakaa chini sakafuni, na mama akatoka jikoni na mwiko mkononi kuona kuna nini.

"Anataka," kaka akasema akishika mbavu, "anataka irushwe na chupi."

Mama hakuelewa kitu, lakini alisimama mlangoni akicheka naye, akajifuta macho kwa pindo la kanga muda mrefu kuliko kicheko chenyewe.

Lastiki haifai, kaka akanieleza baadaye, kwa kuwa uzi uliofumwa juu yake unakula nguvu yote. Kinachotakiwa ni mpira mtupu. Niliupata kwa mafundi wa baiskeli: ule mrija mwembamba wa valvu, wanauuza kwa urefu. Tukaupaka glisirini iliyochanganywa na sabuni ya kipande, ili unapojisokota usijikwaruze ukakatika. Glisirini ilikuwa ileile ya mama ya kupakaa miguu.

Tuliijaribu kwanza kwenye ukumbi mrefu wa chini wa majengo yetu, mchana, watu wakiwa kazini. Kabla ya kutumia mpira unairusha kwa mkono tu, taratibu, uone inateleza hewani au vipi. Kaka aliishika chini ya bawa, akaisukuma mbele.

Ilianguka kama kiatu.

Akaiokota. Haikuwa imevunjika popote, jambo ambalo mwanzoni lilimfurahisha. Akairusha tena kwa nguvu zaidi, ikaanguka kwa nguvu zaidi. Mkenya alikuwa amerudi kuchukua kitu nyumbani kwake, akasimama mlangoni na funguo mkononi.

"Ndugu yangu, hiki ni kifaru cha vita umetengeneza."

Mama, aliyekuwa akitazama kutoka ngazini, naye akaongeza: "Hata yule kuku wa jirani anaruka kuliko hiyo."

Kaka aliiokota. Alipanda juu, akaiweka ndege juu ya kabati, akaingia chumbani. Siku mbili hakugusa kitu. Mwezi ulikuwa umebakiza siku kumi.

Mimi nilikuwa na hofu ya namna mbili. Ya kwanza mnaijua, ya mwezi kuisha na kazi kupotea. Ya pili ilikuwa kwamba nilileta boksi lile nikidhani nimeleta msaada, kumbe nimemletea ushahidi mwingine kwamba kazi yake haina maana tena.

Siku ya tatu niliishusha ndege mwenyewe. Nikaichukua mkononi, nikachukua na mabaki ya balsa yaliyokuwa kwenye boksi, mkono wa pili. Mikono ya mshonaji inajua uzito. Ndiyo inayoniambia kitambaa kimechanganywa na nini. Nikamwita.

"Kaka, nikiletewa gauni lililoharibika, unajua nafanya nini kwanza?"

"Unalishona."

"Hapana. Nalifumua. Siwezi kushona juu ya mshono mbaya. Nikishona juu yake, gauni linakuwa gumu kama gunia na bado limeharibika." Nikamwekea ndege mkononi. "Hii si balsa tena. Hii ni gundi."

Aliipima mkononi. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akatafuta mahali pa kuanzia.

Tulifumua siku nne. Yeye kwa wembe, mimi kwa kile kichokoo changu cha kuondolea nyuzi. Pembetatu zote zilitoka. Kijiti cha tumboni kilitoka. Tone la gundi juu ya kila kiungo tulilisaga kwa msasa mpaka likabaki alama tu. Uzi mweusi wa puani niliufungua mzunguko mmoja mmoja. Bawa moja lilivunjika mikononi mwetu, tukalijenga upya kwa vipande vilivyobaki, safari hii tone moja la gundi kwa kila kiungo, lenye ukubwa wa kichwa cha pini. Nilipoona mkono wake unarudi kwenye chupa kwa mazoea, nilikuwa naisogeza.

"Inatosha?" aliniuliza kila mara.

"Inatosha."

"Itaachia."

"Ikiachia tutaibandika. Iko mezani, kaka, si angani na watu mia ndani."

Alipuliza vumbi la msasa. Kisha akasema, bila kuacha kusaga, kwamba huko kambini kila siku aliyapitia majina ya ndege zote alizozitia sahihi, moja baada ya nyingine, akijiuliza kama aliacha nati yoyote. Nilimsogezea msasa mpya.

Nikayafunika mabawa upya, na mwisho tuliipima mizani. Unaweka ncha za vidole viwili chini ya bawa, karibu theluthi moja kutoka ukingo wa mbele, na ndege inatakiwa ilale bila kuinamisha pua wala mkia. Mkia ulizama. Nikapekua bakuli langu la vifungo, nikapata kimoja kidogo cha shati la mtoto, tukakibandika puani. Ikatulia.

Ukumbini, safari hii, ilitoka mkononi mwake na kuendelea. Haikwenda haraka. Ilishuka pole kama inayofikiri, ikapita mlango wa Mkenya, ikapita ndoo za watu, ikatua mwisho wa ukumbi kwa tumbo, ikiserereka. Mama alipiga kigelegele kidogo kisha akafunika mdomo.

Lakini mpira hauwezi kujaribiwa ukumbini. Ndege yenye mpira inapanda, inahitaji uwanja. Kaka alijua hilo tangu siku ya kwanza, nadhani, na mimi nilijua kwamba anajua. Hatukulitaja. Jumamosi ya mwisho ya mwezi Mkenya alibisha, ameshika drili ya mkono.

"Nimeambiwa mnahitaji hii ya kuzungushia mpira. Naikopesha, lakini simwachii mtu chombo changu. Nitakuja nayo mwenyewe."

Nani alimwambia? Mama alikuwa jikoni akiimba taratibu.

Uwanja ulikuwa karibu, wa shule, na upande wa mbali vijana walikuwa wakicheza mpira wa miguu, watu wamewazunguka. Kaka alitembea katikati yetu, mimi kushoto na Mkenya kulia, kofia imeshuka mpaka nyusi. Ndege aliibeba ndani ya kikapu cha mama chenye kifuniko. Tulisimama pembeni kabisa. Mkenya aliuvuta mpira kwa ndoana ya drili, hatua tatu nyuma, akazungusha, huku kaka ameshika pua na mimi nimeshika mkia, tukihesabu kwa sauti ya chini. Kadiri mafundo yalivyojaa, Mkenya alisogea mbele hatua kwa hatua. Tulipofika mia na hamsini nilihisi ndege yote inatetemeka kwenye vidole vyangu.

Kaka aliurudisha mpira kwenye ndoana ya propela, akainua mkono, akasikiliza upepo, akaiachia.

Propela ililia kama nyuki ndani ya kopo. Ndege ilipanda. Haikwenda mbele kama nilivyotazamia, ilipinda kushoto na kupanda kwa mzunguko mpana, mzunguko wa pili juu zaidi, karatasi ya viatu imepenywa na jua hata nikaziona mbavu zote tisa. Kisha propela ikasimama, kukawa kimya, na ndege ikaendelea kuelea bila kitu chochote kuisukuma. Hapo ndipo nilipoelewa. Kupanda kulikuwa kwa mpira. Huku kuelea kulikuwa kwa wepesi.

Upepo ukaichukua. Ikavuka uwanja wote na kushuka katikati ya mechi.

Mchezo ulisimama. Watu wakakimbia kutoka pande zote, mikono juu, na golikipa, kijana mkubwa mwenye glavu zilizochanika, ndiye aliyeifikia kwanza. Aliishika bawa, namna mtu anavyomshika kuku. Nikaona bawa linakunjika.

Kaka alipiga kelele. Ilikuwa sauti ya uwanja wa ndege, sauti ya kushinda injini, na ilikuwa Kiswahili.

"Usishike bawa! Shika tumbo! Tumbo!"

Uwanja mzima ukanyamaza. Niliujua ukimya ule, kaka alikuwa amenisimulia ule wa dukani. Nilifungua mdomo niseme kitu kwa Kiganda, nimwokoe. Mkenya alinigusa kiwiko.

"Mwache," akasema.

Kaka alikuwa tayari ameanza kutembea. Uwanja ni mrefu ukiwa unatazamwa na watu wote. Alipofika kwa golikipa alivua kofia. Tulimfuata, nikasikia.

"Afande," golikipa akasema, na wenzake wakasogea. "Kumbe mpo bado. Sasa hii nayo utachukua tu kama zamani?"

Kaka hakuinamisha macho. "Ni kweli," akasema. "Mlichukuliwa vitu vingi. Mimi nilikuwa fundi tu, lakini nguo ilikuwa ileile." Akanyoosha viganja vyote viwili. "Leo naomba."

Golikipa alimtazama muda. Halafu akageuza mkono, polepole, akaishika tumbo kwa vidole viwili, kama alivyoambiwa.

"Tumbo ndiyo hii?"

"Ndiyo hiyohiyo."

"Inaluka na mafuta gani?" aliuliza, kwa ile *l* yetu ya Kampala inayokaa mahali pa *r*.

"Mafuta ya kupakaa miguu," kaka akasema. "Ya mama yangu."

Wakaangua kicheko, na kabla hakijaisha kaka alikuwa amechuchumaa, ndege juu ya goti, akionyesha mpira, ndoana, mbavu, kile kifungo cha shati puani. Alieleza kwa Kiswahili kilekile. Neno likiwa gumu, mmoja wao alilitafsiri kwa wengine, na mara mbili waligombana wao kwa wao juu ya tafsiri. Mwamuzi alipuliza filimbi watu warudi kucheza na hakuna aliyerudi. Waliirusha mara nne. Mara ya tano bawa liliachia kiungo kimoja, pale kaka alipotaka kuongeza gundi nami nikasogeza chupa. Alinitazama. Nikamwambia tutalibandika.

Njiani kurudi Mkenya alibeba drili begani kama jembe. Tulipofika ngazini alisimama.

"Jumatatu nafungua saa mbili asubuhi," akasema, kana kwamba anaziambia funguo zake.

"Saa mbili nitakuwa nimefika," kaka akajibu. "Ila ovaroli haijakunjwa pindo."

Nilimpima jioni ileile, jua bado liko dirishani. Alisimama juu ya kigoda, amenyooka, nami chini na pini mdomoni, nikimwambia asitikisike. Mguu wa kulia ulikuwa mrefu kuliko wa kushoto, kosa langu. Nilipokaa kwenye cherehani nilikuwa nimeshaamua kupiga mishono mitatu, kwa kuwa gereji ni kazi ngumu na nilitaka idumu.

"Dada," kaka akasema nyuma yangu. "Usiijaze nyuzi."

Nikapiga mshono mmoja, nikakata uzi.